Kusoma Dalili za Moto wa Makaa Chini ya Ardhi: Hitilafu, Vyanzo na Mbinu Inayofaa Kila Tabaka

Mwendeshaji wa mtambo unaogeuza makaa ya mawe kuwa gesi yakiwa bado ardhini haoni moto anaouendesha. Tanuri lake ni pango linalopanuka kila siku ndani ya tabaka la makaa, mita 100, 300 au hata 1,400 chini ya miguu yake, na kila anachokijua kuhusu pango hilo hukipata kwa vipimo vya juu ya ardhi: kiasi cha hewa au oksijeni kinachoingia, shinikizo kwenye vichwa vya visima, halijoto na mchanganyiko wa gesi inayotoka, na kimo cha maji katika visima vya uangalizi vinavyozunguka eneo. Kutatua matatizo katika kazi hii ni kusoma dalili, na dalili moja huweza kuwa na vyanzo vitatu ambavyo tiba zake zinapingana.

Kila dalili iliyomo katika mwongozo huu inaulizwa maswali mawili. La kwanza ni vali gani iguswe leo. La pili ni kama mbinu iliyochaguliwa ilikuwa inalifaa tabaka hili tangu mwanzo. Swali la pili ndilo linalorukwa, ilhali rekodi za majaribio ya Muungano wa Kisovieti, Marekani, Ulaya, Australia na Afrika Kusini zinaonyesha kwamba hitilafu nyingi zilizofunga mitambo zilianzia siku mbinu ilipochaguliwa, kabla hata kompresa haijawashwa.

Kabla ya kugusa vali: ni mbinu gani iko chini?

Kemia ni ileile katika mbinu zote. Oksijeni inayoingia huunguza sehemu ya makaa na kuzaa joto. Joto hilo huuwezesha mvuke na kaboni dayoksaidi kushambulia kaboni iliyobaki na kutoa haidrojeni na kaboni monoksaidi. Mbele zaidi, gesi ikiwa safarini kuelekea kisima cha kutolea, makaa ambayo hayajafikiwa na oksijeni hukaushwa na kutoa methani pamoja na lami. Mtambo unaotumia hewa ya kawaida hutoa gesi yenye takriban megajuli 4 hadi 5 kwa mita ya ujazo, kwa kuwa karibu nusu yake ni naitrojeni isiyoungua, na unaotumia oksijeni na mvuke hutoa gesi yenye nguvu maradufu au zaidi. Aliyewahi kuchoma mkaa katika tanuri la udongo anaujua msingi wa kazi: matundu yakiachwa wazi mno kuni huishia majivu, yakizibwa mno moto hufa. Tofauti ni kwamba kuta za tanuri hili zinaliwa na moto wenyewe, na nje ya kuta hizo kuna maji.

Mbinu ya zamani zaidi kati ya zile zisizohitaji mtu kushuka mgodini ni ya visima vya wima vilivyounganishwa. Kisima kimoja huingiza hewa na kingine hutoa gesi, na kati yao hufunguliwa njia ndani ya makaa, mara nyingi kwa moto wa kurudi nyuma: makaa huwashwa kwenye kisima cha kutolea huku hewa ikisukumwa kutoka kisima cha pili, nao moto hutambaa kuielekea hewa inakotoka na kuacha nyuma yake mfereji mwembamba. Mbinu hii huyafaa makaa machanga, yaani ya ligniti na ya nusu-bitumini, yaliyo karibu na uso wa ardhi, kwa sababu makaa hayo hupenyeka na hunywea yanapokauka. Kituo cha Angren nchini Uzbekistan, kilichoanza mwaka 1961 juu ya tabaka nene la ligniti na kupeleka gesi yake katika kituo cha umeme cha jirani kwa miongo mingi, ndicho kielelezo chake kikubwa.

Mbinu ya pili, ijulikanayo kwa kifupi cha Kiingereza kama CRIP, yaani ncha ya kuingizia inayovutwa nyuma kwa mpango, iliasisiwa na maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani. Kisima huteremshwa na kupindishwa hadi kikalala chini kabisa ya tabaka, na hewa au oksijeni hutolewa kwenye ncha ya bomba lililo ndani yake. Makaa ya pale ncha ilipo yakiisha, bomba huvutwa nyuma na moto huwashwa upya katika makaa mapya. Gesi inaweza kutolewa kwa kisima cha wima kilichokutana na kile cha ulalo, au kwa kisima cha pili cha ulalo kinachokwenda sambamba na cha kwanza. Mbinu hii ni ya matabaka yaliyo bapa, yenye unene wa kutosha, na ya kina ambacho kuchimba visima vingi vya wima hakulipi.

Kwa matabaka yaliyoinama sana ipo namna ya tatu: kisima cha kuingizia hupitishwa katika mwamba wa chini na kulikuta tabaka upande wa bondeni, na gesi hutolewa upande wa juu. Makaa yanayomomonyoka huteremka yenyewe hadi kwenye moto. Majaribio ya mwaka 1979 na 1981 karibu na Rawlins, Wyoming, katika tabaka lililoinama nyuzi takriban 63, yalitoa gesi nzuri kwa urahisi uliowashangaza waliozoea matabaka bapa. Mbinu ya mwisho, ya kuingia kwa njia za mgodi uliopo, imetumika sana China katika migodi iliyoachwa na huko Poland kwa majaribio. Yenyewe ina dalili yake ya pekee, nayo ni kaboni monoksaidi kuonekana katika njia za mgodi ambamo haikutarajiwa. Ikionekana, watu hutolewa kwanza na uchunguzi hufuata.

Gesi inadhoofika

Hii ndiyo dalili inayojitokeza mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya mara nyingi kuliko zote. Thamani ya joto ya gesi inashuka, kaboni dayoksaidi inapanda, kaboni monoksaidi inapungua, naye mwendeshaji huongeza hewa akidhani moto umepungukiwa. Kabla ya kuongeza chochote, yafaa kutenganisha vyanzo vinne.

Chanzo cha kwanza ni maji mengi kuingia pangoni. Maji kidogo ni malighafi, lakini yakizidi hula joto. Alama zake hutembea pamoja: uwiano wa haidrojeni kwa kaboni monoksaidi hupanda, kwa kuwa mvuke unaigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi na haidrojeni, maji yanayokusanywa kwenye kipoza gesi huongezeka, na halijoto ya gesi inayotoka hushuka. Maji yakizidi zaidi ya hapo, hata haidrojeni huanza kupungua, na hiyo ni ishara kwamba moto wenyewe unazimika. Jaribio la kuthibitisha ni kupandisha shinikizo la pango kwa hatua ndogo na kungoja saa kadhaa, bila kuvuka kikomo kitakachoelezwa katika sehemu inayofuata. Maji yakipungua na kaboni monoksaidi ikirejea, chanzo kimejulikana.

Chanzo cha pili ni joto kupotelea katika mwamba wa juu. Hutokea pango linapokuwa limekula makaa hadi juu ya tabaka, oksijeni ikawa inateleza juu ya rundo la majivu na mawe yaliyoanguka badala ya kukutana na makaa. Hapa halijoto ya gesi inayotoka haishuki. Hubaki ilivyo au hupanda, huku ubora ukiporomoka polepole kwa majuma, na kupandisha shinikizo hakusaidii. Kuongeza hewa huleta nafuu ya siku chache, kisha hali huwa mbaya kuliko awali. Katika CRIP tiba ni kuivuta ncha ya bomba nyuma hadi makaa mapya. Katika visima vya wima hakuna cha kuvuta: hufungwa jozi ile na kuhamia nyingine.

Tofauti hiyo ilipimwa ana kwa ana katika jaribio la Rocky Mountain 1 karibu na Hanna, Wyoming, mwaka 1987 na 1988, ambapo mbinu mbili ziliendeshwa katika tabaka moja, kwa kina kilekile cha takriban mita 110. Kitengo cha CRIP kilidumu siku 93, na kile cha visima vya wima vilivyounganishwa kwa mfereji uliochimbwa kilidumu siku 57. CRIP iligeuza makaa mengi zaidi na gesi yake ilikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu oksijeni ilikuwa ikiingia chini ya makaa muda wote. Ni mara chache sekta hii imepata ulinganisho safi kiasi hicho; ulinganisho mwingi unaonukuliwa huchanganya tofauti ya mbinu na tofauti ya makaa.

Chanzo cha tatu ni wembamba wa tabaka au wingi wa majivu. Tabaka lenye unene wa chini ya mita 2 lina mwamba mwingi wa kupashwa joto kwa kila tani ya makaa, na gesi yake huwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Uzoefu wa Lisichansk katika Donbass, Ukraine, ambako matabaka ni membamba, ulilionyesha hilo mapema. Hakuna vali inayotibu wembamba. Kutumia hewa iliyoongezewa oksijeni hupunguza makali, lakini oksijeni ina bei yake, na mara nyingi hesabu hukataa.

Chanzo cha nne ni ukuta wa jiolojia. Gesi inapungua nguvu na pia wingi, huku tofauti ya shinikizo kati ya kisima cha kuingizia na cha kutolea ikiongezeka: moto umefika mahali makaa yalipokatwa. Huko Majuba, Afrika Kusini, kampuni ya umeme ya Eskom iliwasha mtambo wake wa majaribio mwaka 2007 katika tabaka lililo karibu mita 300 chini, kwenye eneo ambalo mgodi wa kawaida ulikuwa umeshindwa kwa sababu ya miamba ya doleraiti iliyopenya na kulikatakata tabaka. Kwa mchimbaji eneo hilo ni balaa. Kwa mgeuza gesi ni eneo linalowezekana, mradi visima vipangwe kwa kufuata mipaka ya vipande vya makaa badala ya kuchorwa kwa rula juu ya ramani. Gesi ya Majuba ilianza kuunguzwa pamoja na makaa katika kituo cha umeme cha hapo mwezi Oktoba 2010. Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili si la mbali, kwa kuwa makaa ya Ngaka na Mchuchuma yamo katika miamba ya Karoo, jamii ileile ya miamba yenye makaa ya Majuba, na bonde la Ruhuhu nalo limekatwa na mipasuko ya miamba. Sehemu zinazochimbwa kwa mgodi wa wazi ziko karibu mno na uso wa ardhi kufaa kwa moto wa chini. Mjadala wowote wa maana ungehusu sehemu za kina.

Gesi inapotea kabla ya kufika juu

Hapa ndipo mitambo imekufa, kwa hiyo hapa inafaa kukaa zaidi.

Dalili ya mapema haionekani kwa macho bali katika hesabu. Katika mtambo wa hewa, naitrojeni haiungui wala haizaliwi kwa kiasi cha maana, kwa hiyo iliyoingia lazima itoke. Tuseme mita za ujazo 10,000 za hewa zinaingia kwa saa, zikiwa na takriban mita 7,800 za naitrojeni, na gesi inayotoka ni mita 15,000 yenye naitrojeni asilimia 50, yaani mita 7,500. Mita 300 hazijulikani zilipo. Kabla ya kutia hofu, mwendeshaji hukagua mambo mawili: kipimo cha mtiririko, ambacho hudanganya gesi ikiwa na mvuke na lami, na mwenendo wa shinikizo, kwa kuwa pango linalopanda shinikizo huhifadhi gesi kwa muda. Pengo likiendelea kuwepo siku baada ya siku huku shinikizo likiwa tulivu, gesi inakwenda mahali. Mtambo wa oksijeni hauna naitrojeni ya kuhesabu, kwa hiyo hutiwa gesi ya alama kama heli na kupimwa inavyorejea.

Sababu kuu ya kupotea ni shinikizo la pango kuzidi shinikizo la maji yanayolizunguka. Maji ya ardhini ndiyo ukuta halisi wa tanuri hili: yakiwa na shinikizo kubwa kidogo kuliko pango, hutiririka kuelekea ndani na kurudisha kila kitu, yakizidiwa, gesi na vimiminika husukumwa nje. Kila mita 10 za maji huleta shinikizo la takriban bar 1. Tabaka lililo mita 130 chini, katika eneo ambalo kimo cha maji kiko mita 30 kutoka juu, lina maji ya mita 100 juu yake, na kikomo chake ni karibu bar 10. Anayechukua kina cha tabaka na kusema bar 13 ameshavuka mpaka kwa bar 3 kabla ya kuanza kazi. Tena kikomo hicho hakitulii. Pango linapoyanywa maji, kimo cha maji kuzunguka eneo hushuka, na kikomo hushuka nacho, kwa hiyo shinikizo lililokuwa salama mwezi wa kwanza huweza kuwa hatari mwezi wa sita bila yeyote kugusa vali. Visima vya uangalizi visisomwe kwa ajili ya ripoti ya mwaka. Visomwe kwa ajili ya kupanga shinikizo la juma linalofuata.

Mtego wenyewe uko hapa. Gesi ikidhoofika kwa maji, kupandisha shinikizo hufukuza maji na gesi hung'aa, na kila kipimo kilichoko mezani humsifu aliyepandisha. Gharama yake huonekana baadaye, nje ya uzio. Hoe Creek, Wyoming, ambako majaribio matatu yalifanywa kati ya 1976 na 1979, ilikuwa na matabaka mawili ya makaa yaliyokuwa yote ni hifadhi ya maji, moja juu ya lingine. Pango la tabaka la chini liliendeshwa kwa shinikizo kubwa kuliko la maji, mwamba wa kati ukaanguka na kuyaunganisha matabaka mawili, na kemikali zenye sumu, benzeni pamoja na fenoli, zikabaki katika maji ya ardhini. Usafishaji wake ulichukua miaka mingi. Kina kilikuwa kidogo, chini ya mita 60, kwa hiyo hata shinikizo lililoruhusiwa lilikuwa dogo mno kwa gesi nzuri. Hilo si kosa la vali. Lile halikuwa tabaka la kuunguzwa.

Chinchilla, Queensland, ni mfano mzito zaidi kwa sababu ulifika mahakamani. Kampuni ya Linc Energy iliendesha mapango matano, moja baada ya jingine, kuanzia mwaka 1999, katika tabaka lenye kina cha takriban mita 130. Mashtaka yalikuwa kwamba shinikizo lilipandishwa hadi miamba ya juu ikapasuka na gesi ikatoroka. Mwaka 2016 serikali ya Queensland ilitangaza kuipiga marufuku teknolojia hii katika jimbo zima, na mwaka 2018 kampuni, iliyokuwa tayari imefilisika, ilipatikana na hatia kwa makosa matano ya kudhuru mazingira kwa makusudi na kutozwa faini ya dola za Australia milioni 4.5. Wakulima wa Hopeland, karibu na Chinchilla, waliwekewa eneo la tahadhari la kilomita za mraba zaidi ya 300 ambamo kuchimba zaidi ya mita 2 kulihitaji idhini.

Kwa hiyo utaratibu ukiona gesi inapotea ni huu. Punguza mtiririko wa kuingia na fungua zaidi upande wa kutoa, shinikizo lishuke hadi chini ya kikomo kilichokokotolewa kwa kimo cha maji cha siku hiyo. Hesabu naitrojeni tena. Pengo likifungika, kikomo cha awali kilikuwa na makosa na kinapaswa kuandikwa upya. Pengo lisipofungika hata kwa shinikizo dogo, njia ya kutorokea ni kisima: bomba la ukuta lililopasuka, saruji iliyoachia, au tundu la zamani la utafiti ambalo halikuzibwa. Viputo vinavyoonekana katika madimbwi baada ya mvua karibu na kichwa cha kisima huelekeza huko, na kifaa cha kupima methani kishikwe usawa wa ardhi, si usawa wa kifua.

Visima havikubali kuunganika

Hewa inasukumwa, shinikizo la kuingizia linapanda, na kwenye kisima cha kutolea hakuna kinachofika. Katika ligniti na nusu-bitumini, sababu ya kawaida ni maji kujaa katika nyufa za makaa, na dawa ni uvumilivu: kusukuma hewa kwa muda hadi maji yaondoke, kisha kujaribu kuwasha tena. Katika makaa ya bitumini, yaliyokomaa zaidi, sababu huwa nyingine. Makaa hayo huvimba na kulainika yanapopata joto, na mfereji unaofunguliwa na moto huzibwa na makaa yaleyale. Kuongeza shinikizo hapo hupasua mwamba wa juu bila kufungua makaa.

Kina nacho huleta ugumu wake. Huko Thulin, Ubelgiji, wataalamu walijaribu moto wa kurudi nyuma katika makaa yaliyo mita 860 chini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uzito wa miamba uliufunga upenyevu wa makaa, na hewa yenye shinikizo kubwa iliyawasha makaa yenyewe kwa yenyewe karibu na kisima cha kuingizia, moto ukawa upande usiotakiwa. Walihamia kwenye kuchimba mfereji kwa kisima cha kupindishwa, na ndipo ugeuzaji ukaendelea. Tangu hapo ni vigumu kumwelewa mtu anayependekeza moto wa kurudi nyuma kwa tabaka la kina au la bitumini. Swan Hills huko Alberta, Kanada, ilifanya kazi mita 1,400 chini kwa kisima cha ulalo, na kwa kina hicho hakuna mbinu nyingine iliyokuwa na maana.

Hata unganisho likifaulu, mahali lilipopita ni muhimu. Moto wa kurudi nyuma huchagua njia yake, na ukipita nusu ya juu ya tabaka, mtambo huanza maisha yake ukiwa na ule ugonjwa wa joto kupotelea juu. Anayeona gesi ikidhoofika ndani ya majuma machache ya kwanza na halijoto ikiwa juu asihangaike na maji. Aangalie kwanza kumbukumbu za unganisho.

Oksijeni inaonekana katika gesi inayotoka

Dalili hii haina nafasi ya majaribio. Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya mchanganyiko na hewa, na kaboni monoksaidi kuanzia asilimia 12.5, kwa hiyo oksijeni inayopanda katika bomba la gesi ni mlipuko unaotafuta cheche. Oksijeni ya kuingizia hufungwa, naitrojeni hupitishwa, na gesi hupelekwa kwenye mwenge wa kuiunguzia nje. Vyanzo ni viwili: oksijeni imepata njia fupi isiyopita kwenye makaa ya moto, au moto umezimika na hakuna kinachoila oksijeni. Halijoto hutenganisha. Ikiporomoka, moto umekufa.

Hatari kubwa zaidi huja wakati wa kuwasha upya. Katika jaribio la El Tremedal, Hispania, mwaka 1997, kwa kina cha takriban mita 550, methani ilijikusanya wakati mfumo wa kuwasha na wa kupima halijoto haukufanya kazi ipasavyo, na mlipuko ukaharibu kisima cha kuingizia na kuumaliza mradi. Kisima ambacho kimekaa bila moto katika tabaka lenye methani hakiwashwi hadi kipitishwe naitrojeni na gesi yake ipimwe, hata kama ratiba imechelewa. Matabaka ya kina huwa na methani nyingi kuliko ya juu, na kwa hiyo sharti hili huwa gumu zaidi hasa mahali ambapo CRIP ndiyo mbinu sahihi.

Kisima kinaharibika

Kisima cha kutolea huugua kwa joto na lami. Shinikizo likipanda nyuma yake huku mtiririko ukishuka, na halijoto ikiwa ya chini, lami inaganda katika bomba. Kupunguza maji ya kupozea ili gesi itoke moto zaidi huiyeyusha. Halijoto ikiwa juu mno, kinyume chake ndicho sahihi, na maji ya kupozea yaongezwe kabla bomba halijatanuka na kuachana na saruji. Saruji ya kawaida hupoteza nguvu ikikaa juu ya nyuzi 110 hivi za Selsiasi, na ndiyo maana visima hivi hujengwa kwa saruji iliyochanganywa na unga wa silika au kwa saruji ya alumina. Huko Kingaroy, Queensland, mwaka 2010, kisima cha kutolea gesi kilipasuka muda mfupi baada ya kuwashwa, na chembe za benzeni na tolueni zilizopatikana katika visima vya uangalizi zilitosha kuufunga mradi. Kisima kimoja kilichojengwa vibaya ni ghali kuliko visima vitano vilivyojengwa vizuri.

Katika CRIP, bomba linaloweza kuvutwa hukwama likiwa limepindwa na joto au limefukiwa na mawe. Lisivutwe kwa nguvu zote za winchi mara moja. Hewa ipunguzwe, bomba lipoe, kisha lijaribiwe kwa hatua. Likikatika chini, kisima hicho kimekwisha. Katika matabaka yaliyoinama, tatizo linalolingana na hilo ni majivu yaliyoyeyuka na kuganda chini kwenye mdomo wa kuingizia, na mvuke mwingi zaidi hupunguza halijoto na kulizuia.

Ardhi inatitia

Kutitia kwa ardhi kunategemea unene wa makaa yaliyotolewa, kina, na uimara wa mwamba wa juu, na mwendeshaji hana vali ya kutibu hali hiyo. Hupangwa kabla, kwa kuacha nguzo za makaa kati ya mapango, na kwa kukataa matabaka manene yaliyo karibu na uso wa ardhi. Kwa matabaka yaliyoinama, sehemu ya kuangaliwa zaidi ni upande wa juu ambako tabaka linakaribia kutokeza, kwa kuwa huko ndiko gesi na maji hupata njia fupi.

Benzeni inapanda baada ya mtambo kuzimwa

Hii huwashangaza wengi. Moto umezimwa, hakuna kinachoingizwa, na benzeni na fenoli ndipo zinaanza kupanda katika visima vya uangalizi. Sababu ni kwamba mwamba uliokuwa ukipashwa joto kwa miezi unaendelea kuyapika makaa yaliyobaki kandokando, na bila oksijeni ya kuziunguza, lami na mvuke wake hubaki pangoni. Iwapo kisima cha kutolea kimefungwa mara moja, shinikizo hupanda, na maji yanayorudi hukutana na uchafu wote kabla haujatoka.

Tiba ilifanyiwa kazi Rocky Mountain 1, na hadi sasa hakuna iliyoizidi. Kisima cha kutolea huachwa wazi na shinikizo hushushwa, maji ya ardhini yatiririke kuingia ndani kutoka pande zote. Maji hayo hugeuka mvuke juu ya mwamba wa moto, na mvuke hubeba lami na benzeni juu, ambako husafishwa. Pango likishapoa kiasi cha kujaa maji, maji hayo hupampiwa na kusafishwa juu ya ardhi hadi vipimo vitulie. Hapa tena tabaka huamua: lenye upenyevu wa wastani huingiza maji ya kutosha kwa kazi hii, lakini tabaka kavu au la kina lenye upenyevu mdogo sana huhitaji kuletewa mvuke au maji kutoka juu, na gharama yake inapaswa kuwemo katika bajeti ya kwanza ya mradi. Visima vya uangalizi haviondolewi pampu inapozimwa. Vinaendelea kusomwa hata baada ya kimo cha maji kurudi kilipokuwa kabla ya kuwasha, kwa kuwa ndipo tu mtiririko wa kuelekea ndani unapokoma na maji ya pangoni yanapoanza kusafiri na maji mengine.